Kutafuta historia ya ukoo: maktaba zinafundisha nini, na wewe uanzie wapi

Je, unaweza kutaja majina ya babu na bibi zako wote wanne? Wengi wetu tunaweza. Haya, taja na wazazi wao, ambao ni watu wanane. Hapo wengi hukwama kwenye jina la tatu au la nne, na mara nyingi wanaosahaulika ni wanawake.

Hasara ya kusahau huonekana siku ya shida. Mzee amefariki, kikao cha mirathi kimekaa, anajitokeza mtu kutoka wilaya nyingine anasema yeye ni mtoto wa marehemu baba mkubwa. Anasema kweli? Vijana wawili wanataka kuoana, na shangazi mmoja ananong'ona kwamba hao ni ndugu. Ni ndugu kwa upande gani? Aliyekuwa anajua amezikwa mwaka juzi.

Kutafuta historia ya ukoo ni kazi inayofundishika. Katika nchi nyingi wananchi hujifunza kazi hiyo kwenye maktaba za umma. Katika makala haya tunaeleza maktaba hizo zinafundisha nini, jinsi ya kuitumia njia hiyo kijijini kwa daftari na simu, na karatasi za zamani za Afrika Mashariki zinapatikana wapi.

Maktaba zinafundisha nini?

Marekani, maktaba ya umma si mahali pa kuazima vitabu tu. Nyingi hutoa masomo ya bure kwa mtu yeyote anayetaka kujua alikotoka. Inayojulikana sana kwa kazi hii ni Maktaba ya Umma ya Kaunti ya Allen, mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana. Ina kituo maalumu cha nasaba kilichoanza mwaka 1961. Mtu huingia bila malipo, huonyeshwa pa kuanzia, kisha hutafuta mwenyewe kwa msaada wa wakutubi.

Watu wa huko walivutiwa zaidi na kazi hii baada ya mwaka 1976, Alex Haley alipotoa kitabu chake Roots, kinachosimulia ukoo wake tangu Gambia hadi utumwani Marekani. Mwaka 1977 kikaonyeshwa kwenye televisheni. Wamarekani weusi wengi wakajiuliza: na sisi je, tulitoka kwa nani?

Walikutana na ukuta. Sensa ya Marekani ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika orodha za watumwa za mwaka 1850 na 1860, kwa kawaida aliandikwa jina la bwana, na chini yake umri na jinsia ya kila mtumwa, bila jina. Kwa hiyo anayetafuta nyuma ya 1870 hulazimika kupita njia nyingine: wosia wa mabwana, hati za mauziano, vitabu vya makanisa na, zaidi ya yote, maneno ambayo bibi mmoja alimwachia mjukuu wake.

Hapa kwetu pia mababu wengi hawakuandikwa. Ndiyo maana masomo ya maktaba hizo yanatufaa. Kwa ufupi ni mambo manne:

1. Anza na wewe mwenyewe, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Usianze na chifu maarufu ukatafuta njia ya kumfikia. Anayeanza juu huishia kujipa ukoo usio wake.

2. Waulize walio hai kwanza. Karatasi iliyokaa miaka 80 kabatini inaweza kukaa mwaka mmoja zaidi. Mzee wa miaka 85 hatuna hakika naye.

3. Kila habari andika umeipata kwa nani, wapi na lini.

4. Habari moja ikitoka kwa mtu mmoja, ni fununu. Ikithibitishwa na mwingine ambaye hakusimuliwa na yule wa kwanza, au na karatasi, hapo inakuwa na nguvu.

Daftari lenye namba

Huhitaji programu yoyote kuanza. Nunua daftari la kurasa nyingi na kalamu ya wino usiofutika. Kuna njia ya zamani ya namba ambayo watafiti wa nasaba huitumia mpaka leo.

Wewe ni namba 1. Baba yako ni namba 2, mama yako namba 3. Baba wa baba ni 4, mama wa baba ni 5. Baba wa mama ni 6, mama wa mama ni 7. Kanuni ni hii: ukitaka namba ya baba wa mtu yeyote, zidisha namba ya mtu huyo mara mbili. Ukitaka ya mama yake, zidisha mara mbili kisha ongeza moja. Kwa hiyo baba wa namba 7 ni 14, na mama wa namba 7 ni 15.

Kila namba ipe ukurasa wake. Andika majina yote ya mtu huyo, yaani la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, na lile la "mama fulani" au "baba fulani" aliloitwa baada ya kuzaa. Andika alikozaliwa, ukoo wake, aliyeoana naye, watoto wake wote pamoja na waliofariki wadogo, alikozikwa, na jina la aliyekupa habari hizo.

Faida ya namba ni kwamba pengo linaonekana. Ukurasa wa namba 13 ukiwa mtupu, unajua hasa unachotafuta: bibi wa mama yako kwa upande wa babu. Ukifika namba 31 umewafikia mababu wa mababu zako, na wewe kwao ni kilembwe. Hapo umerudi nyuma miaka mia moja na zaidi.

Usiruke upande wa mama. Kwa Waluguru, Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wakaguru, ukoo hufuata mama, kwa hiyo anayeandika majina ya akina baba tu anaacha shina anaandika matawi. Hata katika makabila yanayofuata baba, mama ndiye aliyeleta nusu ya damu.

Kumrekodi mzee kwa simu

Simu nyingi, hata zile ndogo, zina kinasa sauti. Kama yako haina, azima ya ndugu kwa saa moja. Mambo ya kuzingatia ni haya.

Omba ruhusa kwanza. Usimrekodi mzee kwa siri. Mwambie: "Shikamoo bibi. Nataka kuandika habari za ukoo wetu ili watoto wasipotee. Utaniruhusu niihifadhi sauti yako kwenye simu?" Mzee aliyeelezwa vizuri husimulia zaidi.

Nenda wakati ana nguvu. Wengi huwa wachangamfu asubuhi. Mkae mbali na redio, watoto na kuku. Zima mtandao ili simu isiingie katikati ya maneno. Weka simu karibu naye, juu ya kitambaa, isiwe juu ya bati au meza inayogongwa.

Mwanzoni mwa sauti, taja tarehe, mahali, jina la mzee na jina lako. Miaka 30 ijayo atakayesikiliza hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Rekodi vipande vifupi. Dakika 20 zinatosha kwa kikao kimoja. Kisha mwache apumzike, urudi siku nyingine. Mara nyingi mzee hukumbuka mengi usiku baada ya wewe kuondoka.

Uliza maswali yanayofungua mdomo. Swali la "ulizaliwa mwaka gani?" hujibiwa kwa "sijui" na mazungumzo yakaisha. Jaribu haya:

- Nyumba uliyokulia ilikuwa wapi, na majirani walikuwa akina nani?
- Jina lako ulirithi kwa nani?
- Mama yako alitoka kwa watu gani, na alifikaje kuolewa huku?
- Nani katika ukoo aliondoka akaenda mbali, na alifuata nini?
- Makaburi ya zamani yako wapi, na nani anaweza kuyaonyesha?
- Kuna ukoo ambao tumekatazwa kuoana nao, au ambao ni watani wetu? Kwa nini?

Swali la jina ni muhimu sana. Katika makabila mengi mtoto hupewa jina la babu au bibi, kwa hiyo jina huruka kizazi na kurudi. Ukiona jina moja linarudiwa katika nyumba tatu za binamu, huenda linaelekeza kwa babu mmoja.

Ukimaliza, ipe sauti jina linaloeleweka, kwa mfano "bibi mzaa mama, makazi ya zamani, Juni". Nakili kwenye kadi ya kumbukumbu, na umtumie ndugu mmoja aliye mbali. Simu huibiwa na huanguka majini. Sauti iliyopo sehemu moja tu bado haijahifadhiwa.

Kupata mwaka pasipo cheti

Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kosa si lao. Chini ya ukoloni, sheria za kusajili vizazi na vifo ziliwahusu kwanza Wazungu. Nchini Kenya, kwa mfano, usajili wa lazima kwa Wazungu ulianza 1904, lakini kwa Waafrika ulianza 1963 katika sehemu chache na kufika nchi nzima 1971.

Badala ya tarehe, tumia matukio. Kila eneo lina yake, na mengine yana miaka inayojulikana:

- Vita vya Majimaji, kusini mwa Tanzania: 1905 hadi 1907
- Vita Kuu ya Kwanza: 1914 hadi 1918, ikifuatiwa na homa kuu ya mafua ya 1918 na 1919
- Njaa ya Mtunya, Ugogo: 1917 hadi 1920
- Mashamba ya karanga ya Waingereza, Kongwa, Urambo na Nachingwea: yalianza 1947, yakafa 1951
- Uhuru wa Tanganyika: Desemba 1961, wa Kenya: Desemba 1963
- Mapinduzi ya Zanzibar: Januari 1964
- Azimio la Arusha: Februari 1967
- Operesheni Vijiji, Tanzania: sana kati ya 1973 na 1976
- Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979

Chukua mfano wa bibi asiyejua mwaka wake. Muulize: "Bibi, siku ya Uhuru ulikuwa umeshaolewa?" Anajibu: "Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni." Basi mtoto huyo alizaliwa 1960 au 1961. Ukimuuliza zaidi akakuambia alizaa mara tu baada ya kuolewa, akiwa binti wa miaka kama 18, unapata kwamba alizaliwa karibu na 1942. Andika "karibu 1942" na ueleze ulivyofikia hapo. Usiandike "1942" peke yake, maana mjukuu wako ataiona kama tarehe ya cheti.

Makabila yenye rika au majina ya miaka ya jando yana kalenda nyingine nzuri. Ukijua rika la babu na rika lililofuata, unajua alikuwa kijana wakati gani.

Karatasi zilizo nyumbani

Kabla ya kupanda basi kwenda mjini, omba kuonyeshwa sanduku la zamani. Tafuta kadi ya TANU, kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, stakabadhi za kodi, kitabu cha akiba cha posta, vyeti vya shule, kadi za kliniki, barua, na picha zenye maandishi nyuma. Karatasi moja ya kodi inaweza kukupa jina kamili, kijiji na mwaka kwa mkupuo mmoja.

Zipige picha nje, kivulini, mbele na nyuma, kisha zirudishe zilipokuwa. Usichukue karatasi ya mzee ukaondoka nayo. Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama faili la hati ili maandishi yasififie.

Usisahau mahame. Wakati wa Operesheni Vijiji familia nyingi ziliacha makazi yao na makaburi yao. Mwombe mzee mwenye nguvu akupeleke, hata mara moja. Piga picha mti, jiwe na kaburi, na umrekodi akieleza nani amelala wapi. Simu yenye ramani inaweza kuhifadhi mahali penyewe.

Kanisani na msikitini

Kwa familia nyingi, kitabu cha kwanza kilichoandika jina la babu kilikuwa cha misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868. Wamisionari wa kanisa la Anglikana walikuwa Masasi tangu 1876. Wamoravian walianza Rungwe 1891, na Wabenediktini wakaanza Peramiho 1898. Parokia na misheni nyingi hutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo.

Kitabu cha ubatizo kwa kawaida huandika jina la mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe. Katika parokia za Kikatoliki, pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa, hivyo ukurasa mmoja unaweza kukuambia mtu alizaliwa kwa nani na akaoa nani. Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini, na majina hugeuka: Yohane utamkuta Joannes, Yosefu utamkuta Josephus. Mwombe paroko kwa adabu na mapema. Vitabu hivyo ni mali ya kanisa, na ana haki ya kukuuliza sababu.

Kwa familia za Kiislamu, tafuta kwa masheikh na wazee wa msikiti, hati za wakfu, vyeti vya ndoa na talaka, na shajara za nasaba ambazo baadhi ya nyumba za pwani na visiwani zimezitunza vizazi vingi. Nyingi zimeandikwa kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa anaweza kukusomea.

Maktaba na nyumba za nyaraka

Sasa nenda maktaba. Tanzania Bara ina Bodi ya Huduma za Maktaba, yenye maktaba mikoani na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Kenya ina Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, yenye matawi katika kaunti.

Hata kama maktaba ya mkoa wako haina darasa lenye jina la historia ya ukoo, ina mkutubi, na kazi ya mkutubi ni kukusaidia kutafuta. Usimwambie "nataka historia ya ukoo wangu", kwa kuwa hakuna kitabu chenye jina hilo. Mwambie: "Natafuta vitabu na magazeti ya wilaya fulani, miaka ya 1930 hadi 1960, na habari za misheni fulani." Mkiwa kikundi cha watu kumi kutoka kijijini, ombeni siku moja ya kufundishwa. Maombi kama hayo ndiyo huzaa programu.

Kuna pia nyumba za nyaraka, ambako hutunzwa mafaili ya serikali. Tanzania Bara ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, yenye mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza. Zanzibar ina Nyaraka za Taifa huko Kilimani. Kenya ina zake Moi Avenue, Nairobi. Huko usitarajie kukuta jina la kila mtu. Utakuta zaidi majumbe, machifu, kesi, kodi, migogoro ya ardhi na ripoti za wilaya. Ulizia masharti na ada kabla ya kusafiri.

Katika karatasi za Wajerumani, tahajia itakusumbua. Ujiji iliandikwa Udjidji, Mwanza ikawa Muansa. Miji mingine ilikuwa na majina mengine kabisa: Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu iliitwa Neu Langenburg. Andika jina la babu yako kwa namna nne au tano unazodhani mgeni angelisikia, kisha tafuta zote.

Kwenye simu, tovuti ya FamilySearch haina malipo. Ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo pia limekusanya nasaba za masimulizi katika nchi kadhaa za Afrika. Baadhi ya picha za vitabu vya zamani hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyake au maktaba zinazoshirikiana nao. Ukubali masharti yake baada ya kuyasoma.

Mfano: aliyekwenda manamba

Tuseme ukoo wenu ni wa Kasulu, Kigoma, na babu mdogo alikwenda kwenye mkonge Tanga akapotea. Familia nyingi za Kigoma, Mbeya na Songea zina simulizi kama hiyo. Utafanyaje?

Kwanza, uliza wazee aliondoka lini kwa kutumia matukio. Je, alipita mikononi mwa SILABU? Hiyo ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, iliyoanzishwa 1944. Kama wazee wanaitaja, basi aliondoka baada ya mwaka huo.

Pili, uliza aliondoka na nani. Manamba walisafiri makundi makundi. Mwenzake aliyerudi ndiye atakayejua jina la shamba.

Tatu, tafuta barua au kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Vingeweza kuwa na jina la shamba.

Nne, ukishapata jina la shamba, tafuta parokia na msikiti wa jirani. Aliyehamia huenda alibatizwa, alisilimu au alioa huko, na jina lake likabadilika. Tafuta kwa jina la baba yake na kwa kabila lake.

Tano, uliza vijiji vinavyozunguka shamba kama kuna mtaa wa watu waliotoka Kigoma. Wengi hawakurudi kwa sababu walianza familia mpya. Unayemtafuta amekufa, lakini wajukuu zake wanaweza kuwa wanakutafuta wewe.

Tazama mpangilio: kinywa, karatasi ya nyumbani, kitabu cha ibada, kisha kijiji. Maktaba ya mkoa Tanga na mafaili ya idara ya kazi katika nyaraka za taifa huja baada ya kujua shamba na miaka. Ukienda huko kabla ya hapo, utarudi mikono mitupu na nauli imekwisha.

Wale ambao hawakuandikwa

Kuna wengine hutawapata kwenye karatasi hata ufanye kila kitu sawasawa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilichukua maelfu kwa maelfu ya wapagazi Afrika Mashariki. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na hapo ndipo lilipotoka jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam tangu 1927 inawaheshimu, lakini haina majina yao. Tovuti ya tume hiyo inaruhusu kutafuta jina bure, nawe jaribu. Usipolikuta, hiyo haina maana kwamba babu hakwenda.

Kwa watu hao, simulizi ya nyumbani ndiyo rejista. Mzee anayesema "babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi, jina lake lilikuwa hili" anatoa ushahidi ambao hakuna ofisi inao. Mzee huyo akiondoka bila kurekodiwa, jina hilo litakuwa limekufa mara ya pili.

Mambo ya kuchunga

Kila ukoo una siri. Unaweza kugundua mtoto wa nje, babu aliyekuwa mtumwa, au kosa lililozikwa. Biashara ya watumwa ilifika vijiji vingi, na utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Yaandike kwenye daftari, lakini usiyasome msibani wala kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp. Muulize mzee: "Hili niliandike, au liwe letu?" Heshimu jibu lake.

Usiweke mtandaoni tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho au namba za simu za watu walio hai. Matapeli huzitumia. Anayekuomba pesa ili akuletee nasaba yako tayari, mkatae.

Na usitumie daftari lako kama silaha ya shamba. Mti wa ukoo unaonyesha nani ni ndugu wa nani. Hautoi hati ya ardhi. Lakini kikao cha ukoo kikikaa kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi, orodha iliyoandikwa mapema, wakati hakuna ugomvi, inaweza kuwaepusha na mengi.

Fanya haya wiki hii

Nunua daftari na uandike namba 1 hadi 15. Weka alama kwenye kurasa tupu. Kisha jiulize: katika ukoo wetu, nani ana umri mkubwa kuliko wote na bado anakumbuka? Huyo ndiye wa kwanza. Mpelekee sukari na chumvi, msalimie, umweleze nia yako, na uwashe kinasa sauti. Maktaba itakuwa palepale mwezi ujao.